Kumbukumbu ya Zamani Imechoka

Ninyi vijana mnaofungua kompyuta ya mtu kabla hamjamsalimia mwenyewe, sogeeni karibu kidogo. Sitawagombeza sana. Miguu yangu haitaki tena zile ngazi za nyuma ya soko la Moshi, na macho yamegoma kuona skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Kilichobaki ni mdomo, na wanaonijua watawaambia kwamba mdomo wangu haujastaafu.

Asubuhi bado naamka saa ile ile. Naoga, navaa, nachukua pochi, halafu nasimama katikati ya sebule kama mtu aliyesahau alichofuata. Hakuna mashine inayonisubiri. Natamani hata ile harufu ya vumbi lililopata moto, ambayo miaka yote nililalamika kwamba inanikohoza. Mwanangu ananiambia, mama pumzika, umefanya kazi vya kutosha. Nampenda, ila hilo halijui. Kazi niliyoichoka ningeiacha nikapumzika vizuri tu, lakini hii sikuichoka.

Wateja wapya walikuwa wakiingia wananiuliza, "Samahani mama, fundi yuko wapi?" Nami nawajibu, "Ametoka kidogo, keti umsubiri," kisha naendelea kufungua mashine mbele yao. Wengine walikaa wanasubiri mpaka kompyuta yao ikapona mikononi mwangu, ndipo wakaanza kutazamana.

Kazi nilifundishwa na Mzee Barnaba, fundi wa taipureta. Taipureta wengi wenu mmeiona kwenye picha tu. Yeye alikuwa akizitengeneza za maofisi, za shule na za misheni, kuanzia mjini mpaka Rombo. Kabla hajagusa mashine alimwomba mwenyewe aketi aandike chochote, hata jina la ng'ombe wake, na yeye akafumba macho kusikiliza. "R inachelewa kurudi," angesema. Au, "Mashine ni nzima, ila wewe leo umegombana na mtu." Na kweli mtu angekuwa amegombana.

Alinikalisha kwenye kigoda nisikilize tu, muda mrefu sana kabla hajanipa bisibisi. Nilikuwa msichana, nilitaka kufungua vitu. Aliniambia, "Aikande, mashine ina mwendo wake, na mwenye mashine ana mwendo wake. Angalia usije ukaanza kumtengeneza mwenyewe." Nikacheka. Wakati huo nilikuwa nacheka kila kitu.

Bisibisi yake ninayo, mpini umelika pale dole gumba lake lilipokuwa likikaa. Sauti yake sina. Nani zamani zile angefikiria kurekodi sauti ya fundi? Siku nyingine nafumba macho nijaribu kumsikia. Maneno yanakuja, sauti haiji, na hilo linaniuma kuliko nilivyotegemea.

Kompyuta zilipoanza kuingia mjini, Mzee Barnaba aliizunguka moja kama mtu anayenunua mbuzi. "Hii haigongi, haikwaruzi," akasema. "Utaisikilizaje?" Hakuishi kujua kwamba nazo zinalia. Ukiwasha kompyuta ya mezani ikapiga kelele ya pip, pip, pip, na skrini ni nyeusi, mara nyingi ni memori haijakaa vizuri. Usikimbilie kumwambia mwenye mashine kwamba imekufa. Zima, chomoa waya, gusa chuma cha kava ili umeme wa mwilini mwako ushuke, hasa ninyi mnaovaa masweta mazito mwezi wa saba. Toa kile kijiti cha memori, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba laini ya penseli. Ile raba ngumu ya kufutia wino muiache, inakwangua dhahabu yote. Pangusa, rudisha, bonyeza pande zote mbili mpaka usikie vishikizo vimelia tak. Nimefufua mashine nyingi kwa raba ya mtoto wa darasa la kwanza, na watu wakadhani nina dawa.

Sasa, hilo neno memori lina kisa chake. Kwa muda mrefu nilikuwa nasema ramu, kama mafundi wengine. Siku moja akaja mzee wa usharika, mtu wa suti hata siku ya Jumanne, na mashine ya ofisi ya kanisa iliyokuwa ikijikokota. Benchi langu limejaa wateja. Nikaikagua, nikamwambia kwa sauti ya fundi aliyeridhika, "Mzee, tatizo dogo tu. Hii inataka uiongezee ramu."

Benchi zima likageuka kumtazama. Yule mzee akavuta kiti karibu yangu, akasema chini chini, "Dada, mimi huko kwenye pombe nilishatoka. Halafu mashine yenyewe ni ya kanisa."

Nilipomaliza kucheka, na nilichelewa kumaliza, niliamua kwamba kwa wazee nitatumia Kiswahili safi. Sitasema ramu wala memori, nitasema kumbukumbu. Nilijiona mstaarabu kweli kweli. Hamjui neno zuri linavyoweza kumkata mtu.

Mama Anasia alikuja mwanzoni mwa Desemba, watu wa Dar walipokuwa wameanza kurudi nyumbani kwa Krismasi na mji umeanza kujaa magari. Alitoka Marangu na kompyuta yake ya mezani imefungwa kwenye kitenge. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, mgongo umenyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yupo?"

"Ndiye mimi."

"Bwana asifiwe," akasema, akaketi. Hakuniangalia mara mbili. Nikampenda hapo hapo.

Mume wake, Baba Anasia, alikuwa mpishi wa safari za mlimani. Maisha yake yote aliwapikia wageni na wapagazi kule kambini, kwenye baridi ambayo maji yanakataa kuchemka. Alipougua na kuona hapandi tena, jirani yao alimkalisha mbele ya kompyuta, akamwonyesha jinsi ya kurekodi sauti. Akaongea na binti yake wa kwanza, Anasia, ambaye ni muuguzi nchi za mbali. Anasia alikuwa bado anatafuta ruhusa na tiketi wakati baba anafariki. Walimzika kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, bila yeye, na tangu siku hiyo alikuwa hajafika nyumbani. Krismasi hii ndiyo alikuwa anakuja.

"Mwanangu hakumzika baba yake," Mama Anasia aliniambia. "Nataka amsikie. Amsikie mzima, sio vipande vipande."

Vipande vyenyewe vilianza hivi. Anasia aliwahi kuambiwa kwamba mashine ni nzito, akatuma memori mpya kwa mtu aliyekuwa anakuja huku. Jirani yule, ambaye anauza simu pale Marangu Mtoni, akaichomeka kando ya ile ya zamani. Badala ya mashine kukimbia ikawa mbaya zaidi. Inaganda, inajizima yenyewe, na sauti ya Baba Anasia inakatika katikati ya neno.

"Mume wangu hakuwa na kigugumizi," Mama alisema kwa ukali kidogo, kama vile mimi ndiye niliyemsingizia. "Alikuwa anaongea taratibu, lakini vizuri."

Kabla sijagusa kitu nilinakili ile rekodi kwenye flashi, nikanakili tena kwenye nyingine. Hili liwe la kwanza kwenu daima. Mashine utaitengeneza kesho, lakini kitu cha mtu kikipotea utamwangaliaje usoni?

Halafu nikafungua kava nikasoma maandishi. Watu hawasomi. Kila kijiti cha memori kimeandikwa mwendo wake ubavuni. Cha zamani kilikuwa cha elfu mbili na mia nne, kipya cha elfu tatu na mia mbili. Ukivichanganya, mashine huvipeleka vyote kwa mwendo wa kile cha polepole. Hilo si ugonjwa, ni kawaida, na mtu anayelalamika kwamba amenunua cha kasi na hakioni kikienda kasi, jibu lake mara nyingi ni hilo. Lakini jirani wa Mama Anasia hakutaka kushindwa. Aliingia kwenye bayosi, ule ukurasa wa mipangilio unaoonekana mashine ikiwa bado inaamka, akalazimisha vyote viwili viende kwa mwendo wa kile kipya. Kile cha zamani kikawa kinaburutwa.

Nikarudisha mwendo chini. Kisha nikaona amevichomeka nafasi mbili zilizobanana. Kwenye ubao mkuu wa mashine wenye nafasi nne, kwa kawaida unaruka moja, na alama zipo kwenye ubao wenyewe ukiwa na subira ya kuzisoma. Ubao unapeleka kazi kwa njia mbili, kama mifongo miwili, mifereji ya maji inayoshuka vihambani. Ukichomeka vibaya, vyote vinakunywa mfongo mmoja na wa pili unabaki mkavu. Nikavitenganisha. Mashine ikapata nafuu, haikupona.

Basi nikafanya lile ambalo Mzee Barnaba angefanya, kuvisikiliza kimoja kimoja. Nikatoa cha zamani, nikaacha kipya peke yake, nikawasha programu ya kupima memori na kuendelea na kazi nyingine. Kikapita safi. Nikaweka cha zamani peke yake, kwa mwendo wake mwenyewe, bila kukibughudhi. Mwanzoni kikavumilia. Kilipopata joto, makosa mekundu yakaanza kushuka kwenye skrini. Nikakisugua kwa raba, nikabadilisha nafasi, nikarudia. Yakashuka tena.

Mama Anasia aliporudi kuangalia maendeleo, nilikuwa na furaha ya fundi aliyemshika mwizi. Nikakaa sawa, nikachagua maneno yangu ya heshima.

"Mama, nimelipata tatizo. Kumbukumbu mpya haina shida yoyote. Ila kumbukumbu ya zamani imechoka, na inaiharibu hii mpya. Itabidi tuitoe, tuitupe."

Akanitazama, halafu akauliza kwa upole, upole ulioniuma kuliko kama angenipigia kelele, "Wanangu ndio wamekutuma?"

"Kunituma wapi, mama?"

Alikuwa ameshaanza kukunjua kile kitenge. Alinifanya nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa, kijiti cha zamani ndani, akaifunga mashine, akamwita mtu wa kuibeba. Mlangoni akageuka. "Mimi nitakumbuka ninavyotaka," akasema, akaondoka.

Nilikaa kama nimepigwa na umeme. Mteja mmoja kwenye benchi akasema, "Fundi, kwani umemwambia nini mama wa watu?" Nikayarudia maneno yangu kwa sauti ili nimweleze. Kabla sijafika mwisho nikayasikia. Kumbukumbu ya zamani imechoka. Mjane wa watu, ambaye baadaye nilikuja kujua kwamba wanawe wa kiume walikuwa wakimwambia kila siku aache kusikiliza ile rekodi, aendelee na maisha, anakaa mbele yangu, nami namwambia tuitupe kumbukumbu.

Nilimtamani Mzee Barnaba siku hiyo kama mtoto anavyomtamani mama sokoni. Si kwa ajili ya memori, memori nilikuwa naijua. Nilitaka aniambie ninaendaje kwa yule mama. Lakini hakuwepo wa kuniambia, na Krismasi ilikuwa inakaribia, na Anasia alikuwa anakuja kusikia vipande.

Nikapanda kwetu Old Moshi, kwenye mpaka wa kihamba cha kaka yangu, nikakata jani la isale. Ninyi mliozaliwa huku mnajua, na wageni niwaambie. Isale ni mmea wa mipakani, na Mchaga akiletewa jani lake limefungwa fundo, ameombwa radhi, na hana ruhusa ya kukataa. Ndugu wamesameheana mashamba na damu kwa jani hilo. Sijui kama kuna aliyewahi kulipeleka kwa ajili ya kompyuta. Nikalifunga fundo, nikaliweka kwenye pochi pamoja na bisibisi, nikaenda Marangu.

Mama Anasia alikuwa jikoni anamenya ndizi. Aliipokea shikamoo yangu bila kuinua macho. Nikapiga goti kidogo, nikalitoa jani. Kisu kikasimama.

"Umeniletea isale kwa ajili ya kompyuta?"

"Si kwa kompyuta, mama. Kwa neno."

Akalipokea. Lazima alipokee. Akaliweka mezani mbele yake, akalitazama, kisha akasukuma kigoda kwa mguu ili niketi. "Haya, sema hilo neno tena. Safari hii sema kama mtu wa huku, sio kama redio."

Nikatazama ile meza ya jikoni. "Mama, ghala lako liko wapi?"

"Si hilo hapo nyuma."

"Unga unakaa ghalani. Ukitaka kupika unauleta mezani, unafanya kazi, ukimaliza unafuta meza. Meza ikivunjika, unga unapotea?"

"Hauwezi kupotea. Uko ghalani."

"Baba Anasia yuko ghalani. Kile kijiti kilichochoka ni meza tu. Kila ukizima umeme meza inafutwa, haibaki hata chembe. Mimi nikakiita kumbukumbu kwa sababu ndivyo Kiswahili chake kinavyosema, nikadhani nakuheshimu."

Alimenya ndizi nyingine, ganda likaanguka. "Kwa hiyo mle hayumo."

"Hayumo, mama. Anapita tu akienda kukusemesha."

"Na kwa nini visikae vyote viwili? Kimoja kizee, kimoja kijana. Mbona watu wanaishi hivyo."

"Vinakaa, mama, wengi wanakaa hivyo. Ila mwendo unakuwa wa yule mzee."

Hapo akacheka kidogo, mara ya kwanza. "Ndivyo ilivyo mlimani. Baba Anasia alikuwa anasema, kundi linatembea mwendo wa aliyechoka."

"Na aliyechoka akilazimishwa kukimbia na vijana?"

"Anaanguka," akasema. Akaweka kisu chini. "Anaanguka na mizigo ya watu." Akaosha mikono, akaifuta kwenye kanga, akanitangulia sebuleni.

Nikafungua kava mbele yake, nikabonyeza vishikizo, kijiti cha zamani kikaruka kidogo kama kawaida yake. Akanyoosha kiganja. Nikakiweka hapo. Akakigeuza, akakitazama meno yake.

"Najua hayumo," akasema. "Lakini maneno yake yote yalipita hapa." Akakifunga kwenye pindo la kanga, pale wanawake tunapofunga vitu tusivyotaka vipotee. Sikumwambia lolote la kifundi juu ya hilo, na yeyote kati yenu ambaye angemwambia asije kunisalimia.

Kijiti kipya kilibaki peke yake. Na hapa msikilize, kwa sababu wengi mnakwama hapa: memori ya kasi ukiichomeka, haianzi kukimbia yenyewe. Mashine huianzisha kwa mwendo wa chini, kwa usalama. Lazima uingie kwenye bayosi uwashe mpangilio wake, kisha upime upya uone imevumilia. Nikawasha, nikapima huku tukinywa chai, ikavumilia. Nikafungua rekodi.

"Anasia," ikasema sauti ya mzee.

Kisha kimya.

Nikakivamia kile kipanya. Nikaangalia diski, nikaangalia spika, nikaangalia mwendo wa memori, kila kitu kiko sawa. Nikarudisha nyuma. "Anasia." Kimya. "Umefika?" Kimya tena. Nikataka kufungua kava upya, lakini mkono ukaniganda hewani, kwa sababu ndani ya ule ukimya niliwasikia kuku. Kuku wa Baba Anasia, siku ile aliyorekodi, walikuwa wakiparura nje ya dirisha bila kukatika hata kidogo. Mashine ikiganda, na kuku wanaganda. Huu haukuwa ukimya wa mashine.

Lakini fundi ni fundi. Nikasema, "Mama, haya mapengo naweza kuyakata. Kuna programu, nitayaunganisha maneno yaende vizuri bila kusimama."

"Hapo usipaguse," akasema Mama Anasia.

Hakunieleza zaidi. Akanionyesha kwa kidole nizime. "Imetosha. Yanayofuata ni ya mwanangu."

Nikashuka mjini nikiwa na maneno ya Mzee Barnaba kichwani, usije ukaanza kumtengeneza mwenyewe, na bado sikuwa nimeyaelewa vizuri.

Siku iliyofuata Krismasi Mama Anasia akaniita. Nyumba ilikuwa imejaa wana, wakwe na wajukuu, magari yamepangwa mpaka kwenye migomba, mtori wa ndizi unachemka kwenye sufuria kubwa na wazee nje wanapokezana kata ya pombe ya mbege. Anasia alikuwa amefika asubuhi ile. Mwanamke mrefu kama mama yake, macho yamevimba, maana alikuwa ametoka moja kwa moja kaburini kwa baba yake na tangu hapo alikuwa hajatia kitu mdomoni. Wakamkalisha mbele ya kompyuta. Wengine tukasimama nyuma. Mama Anasia akanitikisia kichwa, nikabonyeza.

"Anasia," akasema baba yake.

Kimya. Kuku wakaparura.

Kaka yake mmoja akasogea haraka, mkono tayari kwenye kipanya. "Imekwama tena hii." Mama yake akamshika kifundo cha mkono, akamshikilia tu.

Na Anasia, bila kugeuka, kwa sauti ndogo ambayo nadhani aliiacha katika nyumba ile akiwa msichana, akaitika.

"Abee, baba."

"Umefika?"

"Nimefika, baba."

Ndipo nilipoelewa. Yule mzee hakujua kuongea na mtu bila kusubiri aitikiwe. Alikaa peke yake mbele ya mashine, mgonjwa, akamwita binti yake aliye mbali, akamwachia nafasi ya kujibu. Na mimi nilitaka kuikata hiyo nafasi ili maneno yaende vizuri.

"Umekula?" akauliza. Ni mpishi, angeuliza nini kingine.

Hapo Anasia alishindwa. Akajifunika uso kwa kanga. Kuku wakaendelea. Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko yote, kana kwamba mzee alijua. Nilisimama pale na bisibisi ya Mzee Barnaba ndani ya pochi, na niliona wivu, nawaambia ukweli. Nilitamani mtu mmoja tu aniite Aikande kwa sauti ile niliyoisahau, halafu anyamaze anisubiri.

"Bado, baba," akasema Anasia.

"Haya," ikasema sauti. "Kula kwanza. Mengine tutaongea ukishashiba."

Mama Anasia alikuwa ameshanyanyuka kwenda kuchota mtori. Akiwa mlangoni mwa jikoni akanigeukia, akaniashiria kwa kiganja nisimamishe mashine. Desemba yote nilikuwa nimehangaika ile sauti isisimame. Nikabonyeza, ikasimama, na sote tukamsubiri Anasia ale.